Serkle Inauzwa

Kila mtu anayeishi katika miji yetu anayajua maandishi yale ya rangi nyekundu ukutani: Maison non à vendre. Nyumba haiuzwi. Wenye nyumba huyaandika ili ndugu mmoja asije akauza urithi kisirisiri, au tapeli asije akampokea mnunuzi kutoka mbali na kumwonyesha lupango la watu kana kwamba ni lake. Nyumba ninayotaka kuizungumzia ilibeba maandishi hayo kwa miaka mingi. Mwaka huu mtu alipita na brashi akafuta neno moja tu, lile non. Maneno mengine aliyaacha kama yalivyo. Ndiyo namna tulivyojua kwamba Serkle inauzwa.

Nyumba yenyewe si kubwa. Ina matofali mekundu ya zamani, bati lililoshika kutu, baraza yenye saruji iliyopasuka, na mwembe mmoja ambao matunda yake yalikuwa halali ya watoto wa mtaa mzima. Jirani zake wa kushoto na wa kulia wamekwisha kubomolewa; mahali pao pamesimama magorofa ya biashara. Mpita njia angedhani ni baa iliyofungwa kwa kukosa wateja. Lakini kwa karibu nusu karne ilikuwa nyumba ya kukutania ya watu ambao mjini waliitwa basoda-wanafunzi: vijana wa chuo kikuu walioingizwa jeshini kwa nguvu mwaka 1971. Nkambo wangu, baba ya mama yangu, ni mmoja wao.

Wenzangu wa fakilte wengi wameisikia habari hiyo nusunusu, kwa hiyo naomba niikumbushe kwa ufupi. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lovanium waliandamana mjini Kinshasa, na askari wakawafyatulia risasi. Miaka 2 baadaye, Juni 1971, wenzao walitaka kuwakumbuka waliokufa siku ile. Jibu la Rais Mobutu lilikuwa kukifunga chuo na kuwaandikisha wanafunzi jeshini kwa miaka 2. Agosti ya mwaka huohuo vyuo vikuu 3, yaani Lovanium, kile cha Kisangani na chetu cha Lubumbashi, viliunganishwa kuwa chuo kimoja cha taifa, kilichojulikana kwa jina la UNAZA. Masomo ya fasihi na lugha yakakusanywa huku kwetu. Hivyo vijana walioadhibiwa kwa sababu ya kuwakumbuka wafu wao wakajikuta Lubumbashi, wakisoma sarufi huku wakiwa bado chini ya amri ya jeshi.

Nkambo alizaliwa Matadi. Alikuja na Kikongo cha nyumbani, Lingala ya Kinshasa na ya kambini, Kifaransa cha mapadri, na neno moja la Kiswahili, «jambo», ambalo aligundua siku ya kwanza kwamba hapa halimfikishi mtu popote. Aliyemfundisha mengine ni msichana aliyeuza mikate ya mafuta kando ya njia ya kampasi, ambaye leo ni nkambo wangu mwanamke. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi kwa namna isiyonipendeza. Bila amri ile ya mwaka 1971 pengine kijana yule angemaliza masomo Kinshasa na kurudi Bas-Congo. Mama yangu asingezaliwa, wala mimi nisingekuwa hapa nikiandika. Siwezi kuibariki amri ile, lakini nimetoka ndani yake.

Serkle ilianza baada ya masomo yao, wengi wao walipopata kazi ya ualimu katika shule za mji. Walikuwa na likelemba: kila mwezi kila mmoja alitoa kiasi, na mmoja wao akachukua zote. Siku moja mtu aliyekuwa akihama mji alitaka kuuza nyumba yake upesi. Wakakubaliana kwamba kwa muda fulani hakuna atakayechukua, fedha zote ziende kwenye nyumba. Karatasi ziliandikwa kwa jina la mmoja wao, aliyekuwa na cheo na saini nzuri. Hakuna aliyeona ubaya. Walikuwa wamelala katika hema moja. Nani angewaza habari za warithi?

Nilianza kupelekwa pale nikiwa na miaka 6, Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya misa. Kilichonishangaza kwanza ni lugha. Wazee wale walikuwa na msemo wao ambao sijausikia mahali pengine. Kuosha vyombo kuliitwa korve. Mke akimruhusu mume abaki mpaka usiku, mume alisema amepewa permisio. Bukari ikichelewa, mzee mmoja alitoa amri kwa Lingala ya kambini, kwa sauti kali kama ya sajini, na wazee 15 wenye mvi wakanyoosha migongo kabla ya kuanza kucheka. Kulikuwa na gamela moja ya bati, iliyotoka kambini sijui kwa njia gani. Ndiyo iliyozungushwa kukusanya michango ya kilio, ya harusi, ya dawa. Haikuzungushwa ikarudi tupu hata mara moja, hata katika miaka ambayo walimu walikaa miezi bila mshahara.

Kabla ya kula walifanya apeli. Mzee mmoja alisimama na daftari, akasoma majina yote, na kila mmoja akaitika. Jina la marehemu nalo lilisomwa, na aliyekuwa karibu naye zaidi aliitika kwa niaba yake. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni mchezo. Baadaye nkambo alinieleza jambo ambalo lilinifanya nilitazame daftari lile kwa macho mengine. Orodha yake iliandikwa kwa kufuata majina waliyoandikishwa nayo Juni 1971: Pierre, Joseph, Antoine, Gaston. Miezi michache baadaye nchi ikawa Zaire, na mwanzoni mwa mwaka 1972 siasa ya uhalisi ikapiga marufuku majina ya ubatizo. Mjini, kazini, katika karatasi za serikali, kila mmoja wao alikuwa na jina lake jipya la kizaire. Ndani ya Serkle, mara moja kwa mwezi, Pierre aliitwa Pierre. Jeshi lilikuwa limewaandika bila kuwauliza, na orodha ileile ya jeshi ndiyo iliyowahifadhia majina waliyopewa na mama zao.

Siku moja nilimuuliza nkambo kwa nini hawana hata picha moja wakiwa na sare ukutani, wakati Serkle yao ni ya wanajeshi. Alinijibu kwa Kiswahili cha mji, kile alichojifunza kwa muuza mikate: «Mujukulu, shiye atukuvala. Balituvalisha.»

Sisi tunaosoma lugha tunaweza kukaa juu ya sentensi hiyo somo zima. Kiswahili sanifu kingesema «hatukuvaa, tulivalishwa». Ni sahihi na kimekamilika, lakini katika kutendwa mtendaji hupotea. Nguo zimevalishwa, hatujui na nani, na hakuna anayelazimika kuuliza. Kiswahili cha Lubumbashi hakipendi sana kauli ya kutendwa. Husema ba-, wao, watu fulani. Hawatajwi kwa jina, lakini wanabaki ndani ya kitenzi. Katika miaka ya Zaire, mtu mwenye busara hakutaja jina, ila alisema balituvalisha, na kila msikilizaji alijua ni nani. Nimesikia walimu wakiita matumizi hayo kosa. Kwangu mimi yalikuwa njia ya kusema kweli bila kufungwa.

Mwenzangu mmoja wa promo, niliyemweleza kwamba naandika makala hii, hakufurahi. Aliniambia: «Dada, mnalilia kambi.» Ana haki ya kusema hivyo. Chuo chetu kina usiku wake, ule wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wanafunzi waliposhambuliwa katika vyumba vyao vya kulala, na mjomba wake alikuwa kampasi usiku huo. Kwake yeye, neno la jeshi na neno la mwanafunzi hayapaswi kukaa chini ya bati moja, sembuse kulewa pamoja Simba na kuimba.

Nililipeleka neno lake kwa nkambo. Alinyamaza kwa muda, halafu akasema kijana amesema vizuri, ila angepaswa kujua kitu kimoja. Asubuhi ile ya Mei habari zilipofika mjini, Serkle ilifunguliwa ingawa haikuwa Jumapili. Walikaa pale kutwa, wengi bila kuzungumza. Nyumba ile, alisema, walihitaji kwa sababu ya siku kama ile. Mtu aliyepigiwa mayowe na sajini mbele yako, nawe ukapigiwa mbele yake, huhitaji kumweleza kitu. Nyumbani, mbele ya mke na watoto, ungelazimika kueleza.

Sijui kama jibu hilo litamtosha mwenzangu. Mimi limenisaidia kuona kwamba wazee wale hawakuipenda kambi. Walipendana, na kambi ndiko walikokutana. Kupenda kilichozaliwa katika dhuluma bila kuipenda dhuluma yenyewe ni kazi ngumu, na kwa sisi watu wa Katanga si kazi ngeni. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na utawala wa kikoloni, ameonyesha jinsi Kiswahili kilivyotiwa nguvu huku na wakoloni na wenye migodi, kiwe lugha ya kuwaamrisha wafanyakazi walioletwa kutoka Kasai, Lomami, Ruanda na Urundi. Kilikuwa lugha ya kazi na ya kapita. Wafanyakazi wale walirudi jioni kambini kwao na kukitumia kubembeleza watoto, kuposa, kugombana, kulia wafu. Leo ukimwambia mtu wa Kamalondo au wa Kenya kwamba lugha yake ni ya kulazimishwa, atakucheka kwa Kiswahili hichohicho.

Katika uuzaji huu sina wa kumlaumu. Mzee ambaye jina lake limo katika karatasi alifariki. Watoto wake ni 7, wengine wako nje ya nchi, mmoja ana figo mbovu na matibabu hayasubiri. Mbele ya sheria nyumba ni yao. Walikuja kwa heshima, wakaketi na wazee, wakaahidi kuwapa fungu. Mnunuzi hataki nyumba, anataka udongo iliyosimama juu yake, atajenga depo. Wazee waliobaki ni 4 kati ya majina 37 ya daftari, na wawili kati yao hawatoki tena nyumbani. Nani angepigania baraza ya watu 2?

Katika Kiswahili chetu cha mji, kuuza ni kununua, na anayetoa mali yake huuzisha. Wageni kutoka Dar es Salaam au Mombasa huchanganyikiwa sokoni. Siku ya mazungumzo yale nilimsikia mtoto mkubwa wa marehemu akisema kwa sanifu, kwa adabu, «nyumba itauzwa». Nkambo wangu akamrekebisha polepole: «Sema munauzisha.» Hakusema kwa hasira. Alitaka tu mtendaji awemo ndani ya kitenzi, kama alivyozoea. Kijana akainamisha kichwa akasema: «Ndiyo, papa. Tunauzisha.» Baada ya hapo walizungumza vizuri zaidi.

Wazee hawakuomba fungu kubwa. Waliomba gamela na daftari, na ruhusa ya kuchuma maembe mara ya mwisho. Daftari liko kwangu sasa. Nimeanza kuandika, katika kurasa zake tupu za nyuma, maneno ya Serkle: korve, permisio, na mengine ambayo nkambo huyakumbuka usingizi unapomkataa. Mengi ni Kifaransa kilichopita katika Lingala na kufikia katika Kiswahili, kila kituo kikiacha alama yake. Mwalimu mmoja ameniambia yanaweza kuwa mada ya kazi yangu ya mwisho wa masomo. Pengine. Kwa sasa nayaandika kwa sababu wanaoyajua ni 4. Msomaji mwenye nkambo au jirani wa rika hilo namwomba aketi naye mwaka huu, asingoje mwakani, amuulize alivalishwa nini na walikuwa wakiitana nani.

Apeli ya Jumapili ya kwanza ya Juni tutaifanya nyumbani kwetu, Katuba. Wawili watakuja kwa miguu yao, wengine wawili tutawaendea na teksi. Nkambo ameniagiza mimi nisome majina, kwa kuwa macho yake hayaoni tena mwandiko wa penseli. Majina 33 yatahitaji watu wa kuitika, kwa hiyo ameniambia niwaalike watoto na wajukuu, kila mmoja ajifunze jina lake. Mama amekwisha kuazima viti.