Pasi ya Mkaa na Nguo ya Gome

Poliesta haiungui kama pamba. Pamba ukiisogeza motoni inawaka, inaacha majivu laini na harufu ya karatasi. Poliesta inajikunja kwanza, inanywea, inatoboka vishimo vyenye kingo ngumu nyeusi, mithili ya kovu la chanjo begani. Ndiyo maana gauni la shifoni la mtumba, lile ambalo pale soko la Bukoba limelaliwa na rundo la jinzi na hakuna anayelivuta, kwangu ni mali.

Kazi yenyewe haina mambo mengi. Nafunga punje za maharage ndani ya kitambaa kwa uzi, moja moja, kisha nakipitisha kwenye mvuke wa sufuria. Kikipoa nafungua, natoa maharage, vinundu vinabaki. Poliesta ina kumbukumbu: ikipata joto inalegea, ikipoa inashika umbo iliyokuwa nalo. Issey Miyake wa Japani aliitumia tabia hiyo kwa nguo zake za Pleats Please, zilizoanza mwaka 1993. Hushonwa kwanza zikiwa kubwa kupita kiasi, ndipo zikakunjwa marinda na kubanwa kwenye mashine ya joto. Mimi mashine sina. Nina mshumaa na pasi ya mkaa.

Pasi ya mkaa haikuonyeshi namba. Unadondosha tone la maji, unasikiliza. Poliesta inayeyuka kwenye nyuzi joto 250 hivi, na kati ya kunywea na kuyeyuka hakuna nafasi ya kupiga soga. Naweka karatasi katikati isije ikaganda kwenye chuma. Halafu nafanyia nje, kibanjani, nikiupa upepo mgongo, maana ule moshi si wa kuvuta.

Nilichokuwa nakitafuta muda wote huo ni sura ya nguo ya gome. Gauni za kahawia, tabaka tatu, zikipigwa pasi pamoja na kuchomwa huku na huku, zinatoa ngozi yenye mikunjo na makovu. Ukiitazama kutoka mlangoni unaapa ni yenyewe.

Shangazi yangu yuko Kamachumu, Muleba. Nilimpelekea kipande kimoja. Baada ya kasinge waitu na kahawa ya kutafuna, akakisugua kwa kidole gumba, akakinusa.

“Hii imetoka mti gani?”

“Ni gauni, shangazi. La mtumba.”

“Ukiifukia, inaoza?”

“Haiozi. Labda wajukuu wa wajukuu waikute.”

“Basi siku yangu usinivishe hiyo.”

Hakuwa anatania. Bibi yake alizungushiwa nguo ya gome akalazwa kibanjani, kati ya migomba. “Kibanja ndicho kinatulisha,” akasema. “Unataka nikae humo kama rambo?” Rambo zimepigwa marufuku tangu Juni 2019, nikakosa cha kumjibu.

Nguo ya gome nayo hupita kwenye joto, ila kwa shabaha nyingine. Mti wake ni wa jamii ya mkuyu, Ficus natalensis, Waganda wanauita mutuba. Msimu wa mvua gome huchunwa zima, na shina huvikwa majani ya mgomba mpaka ngozi mpya iote; mti hauuawi, unachunwa tena miaka inayofuata. Gome hupitishwa kwenye mvuke au moto ili lilegee, kisha hupigwa kwa nyundo za mti zenye mifereji, mifereji mipana kwanza, myembamba baadaye, mpaka litanuke mara kadhaa. Rangi ya udongo inakuja likianikwa juani. Wenzangu wa kalamu tunapenda kusema hadithi “inafumwa”. Hii haifumwi hata uzi mmoja.

Upande wetu merikani na kaniki, kisha fedha ya kahawa, viliiondoa mwilini mwa watu. Ukivuka Mutukula bado ipo. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kazi hiyo ya Buganda kuwa hazina ya binadamu. Wasanii wa Uganda wanaitumia vilevile: Acaye Kerunen aliipeleka mpaka Venice mwaka 2022.

Basi nikaagiza ya shangazi kutoka Masaka. Alipoipokea aliipima kwa mikono, akavuta sanduku chini ya kitanda, akaikunja humo pamoja na gomesi yake ya harusi. Akaniambia kila kiangazi nije niianike. “Na hiyo pasi yako ibaki Bukoba.”

Kuna ukingo uliokatwa, upana wa viganja viwili. Huo alinipa. Mvuke unaulainisha lakini haushiki kinundu hata kimoja. Nikitoa maharage unajinyoosha taratibu, kama mtu anayeamka. Pasi ikikawia kidogo unakuwa mweusi, na weusi hautoki. Mpaka sasa nimeweka alama nne tu.