Maudhi Madogo Madogo

Mwaka 2005 kampuni ya dawa ya Eli Lilly ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 690 ili kumaliza madai ya watu wapatao 8,000 waliotumia dawa yake ya maradhi ya akili iitwayo Zyprexa. Walidai kuwa dawa hiyo iliwanenepesha kupita kiasi na kuwaletea kisukari, na kwamba hawakuonywa ipasavyo. Januari 2007 kampuni hiyo hiyo ikatangaza kulipa hadi dola milioni 500 kwa madai mengine yapatayo 18,000. Mwaka 2013 ikawa zamu ya Johnson & Johnson, iliyokubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.2 katika shauri lililohusu, pamoja na mambo mengine, namna ilivyoinadi dawa yake ya Risperdal.

Dawa za jamii hiyo zinamezwa na kudungwa Kyela pia: Ipinda, Matema, Kasumulu, na katika vijiji vya ufukweni mwa Ziwa Nyasa ambako ndiko kwetu. Nyingi ni za kizazi cha zamani, yaani klopromazini, haloperidoli, na ile sindano ya flufenazini ya kila mwezi. Ndugu msomaji, dawa huvuka mipaka kwa urahisi, lakini haki ya kumwuliza mtu kuhusu madhara yake haivuki nayo. Ninataka tutazame pale haki hiyo inapokwama.

Tuanze na lugha. Mgonjwa akieleza kwamba ulimi umekuwa mzito, mikono inatetemeka au miguu haitaki kutulia, mara nyingi hujibiwa: "Hayo ni maudhi madogo madogo, yatakwisha." Neno hili tumelizoea katika zahanati zetu, tangu uzazi wa mpango hadi kifua kikuu, na mara nyingi linatumika kwa nia njema ya kumtuliza mtu. Lakini maudhi ni kero, na kero huvumiliwa. Madhara ni jambo jingine: yana chanzo, yana kiwango, na yanaweza kuwa na mtu wa kuyajibia. Mgonjwa akishaambiwa kwamba anachokipata ni maudhi, ameondolewa katika uwanja wa sheria kabla hajajua kwamba uwanja huo upo.

Sizungumzi kama tabibu wala kama wakili, bali kama ndugu wa mgonjwa. Mtoto wa mama yangu mdogo aliugua akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, wakati ule akiishi kwa uvuvi. Alisikia sauti, akaacha kulala, akaikimbia nyumba. Dawa zilimrudisha, na hilo nalisema mapema ili nisieleweke vibaya. Alirudi ziwani, akaoa, akalima mpunga. Kwa miaka mingi alipata sindano na vidonge vyake, dozi ile ile, katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Kisha mdomo wake ukaanza kutafuna pasipo chakula. Ulimi ukawa unatoka na kurudi. Sokoni watu walidhani anawadhihaki, watoto wakamwigiza, ukoo ukaanza kunong'ona habari za ulozi. Ilipita zaidi ya miaka miwili kabla daktari mmoja, mbali na nyumbani, hajatuambia kwamba hayo hayakuwa maradhi yake wala uchawi wa jirani. Yalitokana na dawa.

Mama mdogo alinitazama akaniuliza: "Mwanangu, wewe umesoma mpaka ukamaliza. Sasa niambie, tunamdai nani?"

Swali hilo si jepesi, nami nimelibeba tangu siku hiyo. Hali iliyompata ndugu yangu si siri ya karne hii. Klopromazini ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili mwaka 1952, Paris, mikononi mwa Jean Delay na Pierre Deniker, na ikawafungulia milango watu ambao vinginevyo wangezeekea wodini. Kufikia mwisho wa muongo huo, madaktari wa Ulaya walikuwa tayari wameandika kuhusu wagonjwa ambao midomo na ndimi zao zilicheza zenyewe baada ya kutumia dawa hizo, na katika miaka ya 1960 hali hiyo ikapewa jina la kitabibu. Ilijulikana pia kwamba kwa baadhi yao haikomi hata dawa ikisimamishwa. Kwa hiyo ndugu yangu alipodungwa sindano ya kwanza, onyo lilikuwa limekwisha kuandikwa kwa miongo kadhaa. Halikumfikia tu.

Yapo madhara mengine yanayotuhusu kwa namna ya pekee. Klopromazini huifanya ngozi iungue upesi kwa jua, na dawa hizi kwa jumla zinaweza kudhoofisha uwezo wa mwili kujipoza. Mwambie hayo mtu anayepalilia mpunga katika joto la Kyela, naye atajua la kufanya: ataingia shambani alfajiri, atavaa mikono mirefu. Asipoambiwa ataungua, kisha atazitupa dawa.

Turudi kwenye swali la mama mdogo. Je, tumdai mtengenezaji, kama walivyofanya Wamarekani? Hatua ya kwanza ya shauri la namna hiyo ni kumtaja mdaiwa. Ndugu yangu alipewa vidonge vilivyohesabiwa kutoka katika kopo kubwa na kutiwa katika kibahasha cha karatasi, juu yake pameandikwa "1 x 2". Hapakuwa na jina la kiwanda wala namba ya toleo, na mara nyingine hata jina la dawa halikuwapo. Sehemu kubwa ya dawa zetu hutoka nje, hasa India, zikipitia mikono kadhaa kabla ya kufika ufukweni. Kibahasha kile hakiwezi kumtaja mtu yeyote mahakamani.

Je, tuidai hospitali? Ikiwa ni ya Serikali au ya halmashauri, sheria ya mashauri dhidi ya Serikali inataka kwanza notisi ya siku 90, kisha shauri lifunguliwe Mahakama Kuu, ambayo kwa mtu wa Kyela iko Mbeya, zaidi ya kilomita 100 kupitia milima ya Rungwe. Sheria ya ukomo wa muda, Sura ya 89, inatoa miaka 3 kwa madai ya uzembe. Ni kweli kwamba inampa nafuu mtu ambaye akili yake haikuwa timamu wakati haki ya kudai ilipozaliwa: muda haumhesabiki mpaka apate nafuu. Lakini tazama kinachotokea hapa. Dawa inayomrudishia akili ndiyo inayoanzisha saa ya sheria, na dawa hiyo hiyo ndiyo inayomdhuru taratibu, kwa namna ambayo hakuna aliyemfundisha kuitambua. Ndugu yangu alikuwa na akili timamu miaka yote ile miwili na zaidi tuliyoipoteza katika minong'ono ya ulozi.

Tuseme tumefika mahakamani. Hapo tutatakiwa kuthibitisha uzembe, na kipimo chake kina historia inayostahili kujulikana na kila mwanafunzi. Kinatokana na kesi ya Bolam, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1957. Bolam alikuwa mgonjwa wa akili. Mwaka 1954, katika hospitali ya Friern, London, alitibiwa kwa mshtuko wa umeme bila kupewa dawa ya kulegeza misuli na bila kuonywa juu ya hatari ya kuvunjika. Akavunjika nyonga. Alishindwa kesi, kwa sababu ilikubalika kwamba daktari hana uzembe akifuata utaratibu ambao kundi la madaktari makini wanauona kuwa unafaa. Nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza zilikirithi na kipimo hicho. Ilichukua hadi mwaka 2015, katika kesi ya Montgomery, kwa Mahakama ya Juu ya Uingereza kusema kwamba suala la onyo halipimwi kwa desturi ya madaktari, bali kwa kile ambacho mgonjwa mwenye busara, katika hali ile, angetaka kukijua.

Marekani nako haki haikuja yenyewe. Katika kesi ya Clites, mahakama ya rufani ya jimbo la Iowa mwaka 1982 iliunga mkono fidia ya zaidi ya dola 760,000 kwa kijana mwenye ulemavu wa akili aliyepata hali kama ya ndugu yangu. Kilichoiangusha taasisi ya serikali haikuwa kule kutumia dawa peke yake. Alipewa dawa kwa miaka bila kupimwa ipasavyo, bila kupumzishwa, na bila ridhaa ya walezi wake. Nasisitiza jambo hili kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa: uangalizi na ridhaa havihitaji mashine. Vinahitaji mtu wa kumtazama mgonjwa mdomoni na mikononi kila baada ya miezi michache, na kalamu ya kuandika alichokiona.

Tuna methali isemayo mgonjwa haulizwi uji. Ni methali ya upendo: usimsumbue aliyelala kwa maswali, mpikie. Lakini tumeitoa jikoni tukaipeleka kliniki, tukaifanya kuwa kanuni ya tiba. Mgonjwa wa akili ndiye haulizwi kuliko wote, hata siku ambayo ana akili timamu kuliko anayemhudumia. Mei 2003, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika shauri la Purohit na Moore dhidi ya Gambia, ilieleza kwamba wagonjwa wa akili wana haki ya utu na ya kufurahia maisha yenye staha kama binadamu mwingine yeyote, na kwamba sheria isiyowapa nafasi ya kupinga wanachotendewa inakiuka Mkataba wa Afrika. Tanzania imo katika Mkataba huo. Mwaka 2009 tuliridhia pia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Sheria yetu ya Afya ya Akili ni ya mwaka 2008. Maandishi, basi, tunayo.

Ukoo ulikaa kulizungumza suala la kushtaki. Vijana walitaka twende. Wazee wakauliza swali moja lililonyamazisha baraza: tukiishtaki hospitali, sindano ya mwezi ujao atadungwa wapi? Hapakuwa na kituo kingine karibu. Tuliamua kutoshtaki. Mtu anayemtegemea mdaiwa wake kwa uzima wake hana uhuru wa kudai, hata kama kila kifungu cha sheria kiko upande wake. Dozi ya ndugu yangu ilipunguzwa, mdomo ukatulia kiasi, si kabisa. Dawa hajaacha. Husema mwenyewe, huku akicheka, kwamba bora mdomo utembee kuliko kichwa.

Wapo watakaoniambia kwamba mazungumzo haya ni ya hatari, kwa kuwa wagonjwa wakiyasikia madhara wataziacha dawa. Hoja hiyo ina uzito, nami nisingependa mtu yeyote asome hapa kisha akatishe tiba bila kumwona mtaalamu. Lakini wanaziacha sasa, kimyakimya. Kijana anayepinda shingo na kugeuza macho juu siku mbili baada ya sindano ya kwanza, bila kuambiwa kwamba hilo laweza kutokea na lina dawa, hupelekwa kwa mganga na harudi. Angeonywa, na benzeksoli ikawepo kabatini, angerudi kesho yake.

Wengine watasema fidia italipwa kutoka katika fungu lile lile la kununulia dawa. Ndiyo maana siamini kwamba kesi peke yake ndiyo njia. Nchi yetu inaufahamu mfumo wa fidia usiomtaka mtu athibitishe uzembe: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unamlipa aliyeumia kazini bila kwanza kumtafuta mkosaji. Mwaka 2021, mpango wa COVAX uliweka utaratibu wa namna hiyo kwa madhara makubwa ya chanjo katika nchi 92, yetu ikiwemo. Kama iliwezekana kwa chanjo, mfuko mdogo kwa waliodhurika na dawa za muda mrefu za afya ya akili si ndoto.

Kabla ya mfuko huo, yapo yasiyohitaji bajeti. TMDA ina fomu ya njano ya kutoa taarifa za madhara ya dawa. Ijazwe kwa wagonjwa wa akili kama inavyojazwa kwa wengine, maana pasipo taarifa hakuna ushahidi. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wafundishwe kulisoma daftari la mgonjwa na kuuliza ni lini alipimwa mara ya mwisho. Wanafunzi wa sheria, ambao tangu mwaka 2021 wanajua kwamba Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, waandike kwa Kiswahili, na kwa Kinyakyusa inapofaa, ukurasa mmoja wa maelezo ambao mama mdogo angeweza kusomewa.

Na mfamasia wa zahanati, anapohesabu vidonge, aandike jina la dawa, kiwanda na namba ya toleo juu ya kibahasha. Nafasi ipo, chini ya ile "1 x 2".