Nazi Iangukayo

Mtoni, ninapokaa, ni upande wa kusini wa Dar es Salaam, katika Wilaya ya Temeke. Nyumba zimejaa sasa, lakini iko minazi mirefu iliyosalia kati yake, na mkwezi apandapo kuangua nazi, watoto hukimbilia shinani ili waokote. Jambo hilo hunitia hofu. Basi watoto wa jirani waliponiletea hesabu zao za nguvu na mwendo, naliona hapana hesabu ifaayo kuanza nayo kuliko hii: nazi ikikatwa juu, aliye chini ana muda gani wa kukimbia?

Wao walitaka kanuni upesi. Naliwaambia wachore kwanza mchangani. Maana wengi hushindwa na hesabu za namna hii, si kwa kutojua kuzidisha, bali kwa kutojua ni kitu gani kinachovuta kingine. Nazi iliyo mtini ina nguvu mbili juu yake: dunia yaivuta chini, na kikonyo chaishika isianguke. Nguvu hizo zalingana, ndiyo sababu nazi imetulia. Panga likikata kikonyo, yabaki nguvu ya dunia peke yake. (Hewa nayo huizuia kidogo, lakini kwa kitu kizito kama nazi twaweza kuiacha.)

Mmoja akasema kwamba dafu lililojaa maji litafika kabla ya nazi kavu, kwa kuwa ni zito. Watu wengi wenye akili walisadiki hivyo, hata Aristotle wa Uyunani ya kale. Lakini kitu kilicho kizito mara mbili, ingawa huvutwa mara mbili, ni kigumu mara mbili kuondolewa mahali pake. Kwa hiyo vyote huanguka sawasawa. Galileo wa Italia alifundisha hayo katika kitabu chake cha mwaka 1638. Na tarehe 2 Agosti 1971, Mmarekani David Scott, akiwa juu ya mwezi, mahali pasipo hewa, aliachia nyundo na unyoya kwa mara moja, vikafika chini pamoja.

Urefu wa mnazi tuliupima kwa kivuli. Kijiti cha mita 1 kilikuwa na kivuli cha nusu mita. Kivuli cha mnazi kilikuwa mita 10. Basi mnazi ni mita 20.

Kitu kiangukacho huzidi kasi yake kila sekunde kwa karibu mita 10 kwa sekunde (hasa ni 9.8). Nazi huanza na kasi ya sifuri, na mwisho wa sekunde ya kwanza ina kasi ya 10. Kadiri yake ni 5, basi imeshuka mita 5 tu. Katika sekunde ya pili kasi yatoka 10 hata 20. Kadiri yake ni 15, nayo yashuka mita 15. Tano na kumi na tano ni ishirini. Kwa sekunde 2 imekwisha fika, tena kwa kasi ya kilomita 72 kwa saa, kama gari la barabara kuu.

Hapo watoto walinyamaza. Tazameni vema: nusu ya muda ikiisha, nazi imeshuka robo tu ya njia. Mtoto asikiaye kelele akainua macho huiona ingali mbali, akadhani ana nafasi. Kumbe amebakiwa na sekunde 1.

Na kusimama kwake je? Nazi ikizama mchangani sentimita 10, mchanga umeiondolea katika njia hiyo fupi kasi yote iliyoipata katika mita 20, yaani njia ndefu mara 200. Kwa hiyo mchanga huizuia kwa nguvu iliyo kama mara 200 ya uzito wake. Nazi ya kilo 1 hupiga kana kwamba ni mzigo wa kilo 200. Kichwa cha mtu si laini kama mchanga. Hapo njia ya kusimamia ni fupi zaidi, na nguvu ni kubwa zaidi.

Mkwezi wa mtaani kwetu hupiga kelele kabla ya kuinua panga, hungoja mtu mzima aitikie kutoka chini kwamba hapana mtu shinani, ndipo akate. Watoto hukaa mbali hata ashuke, maana nazi ikianguka hudunda na kubingirika.