Mfuko Uliotoboka

Mwaka jana, mwezi wa kumi, binti yetu wa kwanza alirudi nyumbani saa tatu asubuhi, mfuko wa kaye mkononi. Alikuwa amerudishwa kwa kuwa feza ya shule haikutimia. Hakulia. Aliketi mlangoni, akauliza: "Baba, sisi ni maskini?"

Sisi tuliozoea kujibu maswali ya katekisimu bila kusita tulikosa la kujibu. Twakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Jioni twafundisha wakatekumeni, na mchana twafanya kazi ndogo ya ukarani. Mshahara si mkubwa, lakini wafika kila mwezi. Iliyopungua ilikuwa falanga 70,000. Ilikwenda wapi?

Twaungama: wazo la kwanza lilikuwa kumlaumu mama watoto. Tulimwambia kwamba feza yote yaishia soko la Kenya, katika unga na makala. Yeye hakugombana. Alileta kaye mpya, akasema: "Baba, tuandike mwezi mzima, vyangu na vyako. Kisha tutasema."

Basi tukaandika siku 30. Usiku wa mwisho tuliketi mezani tukahesabu. Ukurasa wa mama watoto ulikuwa na meka za unga, sombe, samaki, mafuta na sabuni. Hakuna kimoja ambacho watu wa nyumba hawakukila au kukitumia. Ndipo tukafungua ukurasa wetu. Unite za simu, falanga 1,000 kila siku: 30,000. Pikipiki za wewa mara 20, kwa safari ambazo miguu ingezimaliza kwa nusu saa: 20,000. Chupa 12 za kinywaji baridi, tukiongea na wenzetu baada ya mikutano: 18,000. Malipo ya kutoa feza katika simu, kidogo kidogo, mara 8: 4,000. Jumla 72,000.

Mama watoto hakutamka neno. Aliisukuma kaye upande wetu, akaenda kulala.

Tazameni, hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kilichokuwa dhambi, wala kilichokuwa kikubwa. Nani ahuzunikie noti ya falanga 1,000? Wazee walitufundisha kwamba haba na haba hujaza kibaba. Tulisahau kwamba haba na haba hukimaliza pia. Nabii Hagai alikwisha kuwaonya watu wa zamani juu ya mfuko wenye matundu. Sisi tulisoma habari ile kanisani bila kupapasa mfuko wetu.

Tena kuna jambo la mji wetu. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na katika kambi zake mfanyakazi alipewa posho, chakula kilichopimwa kwa ajili ya watu wa nyumba yake. Desturi hiyo iliendelea hata wakati wa Gécamines. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi katika mpango wa kuondoka kwa hiari, na nyumba nyingi zikaanza kununua kila kitu kwa feza ya mkononi, siku kwa siku. Zamani kipimo kilitoka kwa mwenye kazi. Siku hizi hakuna atupimiaye. Asiyejipimia mwenyewe hupimiwa na barabara, na kipimo cha barabara hakina mwisho.

Haifai kusema kwamba kila mwenye shida ni mpotevu. Mama watoto alituonyesha hesabu ya makala: anayenunua kifuko kidogo kila jioni, mwishoni amelipa kuliko aliyenunua gunia. Lakini gunia lataka feza yote siku moja, na maskini hana. Ndivyo maskini anavyolipa zaidi kuliko tajiri. Basi tulipatana na majirani watatu: twanunua gunia pamoja na kugawana. Naye aliingia likelemba ya akina mama kumi. Kila juma kila mmoja hutoa kiasi kilekile, na mmoja huchukua chote kwa zamu. Aliomba zamu yake iwe mwanzo wa mwezi wa kwanza, wakati wa kulipa muhula wa pili.

Kulikuwa na mstari mmoja uliotutia mashaka: michango ya kilio, mara tatu mwezi ule. Tulishika kalamu ili tuupunguze. Mama watoto akauliza: "Siku yetu ikifika, nani atakuja?" Tukauacha. Kaye yatufunza kujua feza iendako, haitufunzi ubahili.

Msomaji mpendwa, usianze na mambo makubwa. Nunua kaye, andika siku 30, na usijidanganye hata kwa falanga 500. Na kama una mke, ukurasa wako usomwe kwanza.

Deni lile la mwezi wa kumi tulilimaliza kabla ya Noeli, kwa kutembea kwa miguu. Mwezi wa kwanza tulilipa shule siku ya kwanza. Tangu hapo binti yetu ndiye mshika kaye wa nyumba. Juzi jioni alitusimamisha mlangoni: "Baba, umefika mapema. Wewa ya leo umeiandika?"

Tulikuwa hatujaiandika.