Kishonanguo

Ushuaia, 3 Januari 2025

Mgeni mmoja kaniuliza kama baridi hainisumbui. Nikamwambia miaka tisa nilipandisha mizigo Kibo, Kilimanjaro, na usiku wa kuelekea kileleni utadhani mate yanaganda kabla hayajafika chini. Akashangaa. "Barafu ya kwenu bado ipo?" Nikasema ipo kidogo. Baba yangu alikuwa akiiona imeshuka hadi mbali. Mimi nimeikuta imejikunyata juu kama nguo iliyoruka maji.

Kule nilibeba kilo 20, zikipimwa getini. Humu kwenye meli ya watalii wa Antaktika kazi yangu ni kuosha mabuti.

Mlango wa Drake, 4 Januari

Bahari mbaya. Nusu ya abiria wako chali. Wanaojiweza wameitwa ukumbini na nguo zote za nje kwa ukaguzi wa mbegu: nyayo, mifuko, mikunjo ya suruali, velkro. Tunapitisha mashine ya kunyonya vumbi, kisha tunachokoa kwa kibano kama watu wanaotoa miba mguuni. Kiongozi wa safari akaeleza habari za Kisiwa cha King George, ambako majani mafupi ya bustani za Ulaya yaliota karibu na kituo cha utafiti cha Poland miaka ya 1980, na hadi leo yanasumbua kung'olewa.

Wafanyakazi nasi tunakaguliwa. Kwenye velkro ya mkono wa koti langu kikatoka kishonanguo. Kimoja, cheusi, na vijimeno vyake. Kiongozi akakiinua kwenye taa. Nikaona haya kama niliyekutwa na kijiko cha hoteli mfukoni. Bila shaka ni cha shambani kwa mama, Marangu, nilipomsaidia kukata majani ya ng'ombe kabla ya kuondoka. Nilitaka kujitetea kwamba hakiwezi kuota huku. Lakini aliyeleta yale majani ya Ulaya naye hakuja kulima.

Kisiwa cha Cuverville, 6 Januari

Nimeshushwa pwani na ndoo na brashi. Harufu ya pengwini haielezeki kwa picha: ni soko la dagaa Kirumba siku ya mvua, na mavi yao mekundu kwa sababu ya uduvi wanaokula.

Abiria tunao 176, na sheria hairuhusu zaidi ya 100 nchi kavu kwa mara moja. Waliobaki wanazungushwa kwa boti za mpira. Mita tano kutoka kwa pengwini. Pengwini wana vijia vyao kwenye theluji, na wakipita sisi tunasimama kuwapisha, kama gari la mkuu wa mkoa. Kwa ajili ya homa ya mafua ya ndege, hairuhusiwi kukaa wala kupiga goti, hata begi halitui chini. Bibi mmoja magoti yalimlegea kwa furaha, mwongozaji akamdaka kwapani. Tukacheka wote, naye pia.

Wanaporudi, dawa na brashi, buti kwa buti. Sijaona hifadhi inayotunzwa kwa nidhamu hii. Nasema kweli.

8 Januari

Kisiwa cha Deception. Matangi ya mafuta ya nyangumi yameoza kwa kutu. Wawindaji wa nyangumi hao hawakuosha mabuti.

9 Januari, usiku

Mhadhara wa leo ulikuwa wa masizi. Mafuta mazito yamepigwa marufuku huku tangu Agosti 2011, kwa hiyo meli yetu inachoma mepesi. Lakini masizi ni masizi, yakitua juu ya theluji yanavuta jua. Utafiti uliochapishwa 2022 ulikadiria kwamba kila mtalii anaharakisha kuyeyuka kwa tani 83 hivi za theluji. Ukumbi ukanyamaza, kisha mtu akauliza chakula cha jioni ni saa ngapi.

Kitandani nimepiga hesabu ya kipagazi. Tani 83, kilo 20 kila mtu: wapagazi 4,150. Kwa mgeni mmoja. Na msimu uliopita walikuja zaidi ya 120,000, wengine hata hawakukanyaga nchi kavu.

Kiongozi anasema wakirudi kwao watakuwa mabalozi wa barafu. Huenda. Kilimanjaro nasi tuliwaambia hivyo, wakatuachia fulana na bakshishi. Kinachonikera ni kwamba sisi tunakagua mbegu kwa kibano wakati bomba la moshi liko juu ya vichwa vyetu, na halikaguliwi na mtu mwenye kibano.

Mwenzangu wa Likoni, anayeosha vyombo, alinisikiliza hadi mwisho. "Sasa ndugu yangu, wasipokuja, karo ya watoto utalipa na pengwini?" Sikuwa na jibu. Mshahara wa Desemba umekwisha fika Moshi.

Ushuaia, 12 Januari

Wameshuka 176, wanapanda wengine jioni. Nimeomba brashi mpya. Mchana nilichukua wembe nikaibandua velkro yote kwenye koti langu, nikashona vifungo.