Mbwene

Jumatatu, 3 Novemba
Louisville baridi kali. Leo nimekosa, na kosa linanikera mpaka sasa. Bikizee ninayemtunza alikuwa katikati ya hadithi, marehemu mumewe na gunia kwenye theluji. "I seen him. He drug it." Nikamkata: "I saw." Limenitoka tu, kwa sauti ya mwalimu wetu wa darasa la tano, aliyetuimbisha "see, saw, seen" fimbo mkononi. Akanyamaza. Akataka nizime taa. Saa moja na nusu!

Jumanne, 4 Novemba
Leo ananijibu hivi tu: Ndiyo. Asante. Basi. Ana miaka 88, na ndivyo wanavyosema kwao milimani Harlan. Mimi nani?

Alhamisi, 6 Novemba
Nimemwinua kitini. Baadaye namsikia kwenye simu na bintiye: "She holp me up."

Holp! Nimeliandika kiganjani, mapumziko nikafungua kamusi. Kumbe Waingereza wenyewe walisema hivyo karne na karne. "Helped" ndiyo iliyokuja baadaye ikaitoa "holp" nyumbani kwake. Na "holpen" imo katika Biblia yake, ile tafsiri ya 1611, Luka sura ya kwanza, wimbo wa Mariamu. Kitabu hicho nakipangusa vumbi kila siku. Halafu "snuck", ambayo wauguzi wote hapa wanaisema, haijatimiza hata miaka 200. Ya asili ni "sneaked". Wao hawasahihishwi na mtu. Wa milimani ndio wanaoambiwa hawajui.

Usiku, siku hiyo hiyo
Daftari la mwanangu: wino mwekundu chini ya "I seen". Ameiokota kwa wenzake ndani ya basi la shule. Nimemwambia kwenye mtihani aandike "saw", mtihani hauna huruma. Na asimcheke mtu.

Usingizi hauji. Nimemkumbuka Bibi, Amu, barazani. Hakusema "nimeona", alisema "mbwene". Mtoto akilala: "mwana ulele." Maneno ya tenzi, na yeye akiyatumia kuulizia samaki. Sisi wajukuu tulirudi shule na Kiswahili chetu sanifu: "Bibi, sema nimeona." Tukacheka. Naye akanyamaza, kunyamaza kule kule kwa juzi.

Ee Mola. Mara mbili.

Jumapili, 9 Novemba
Nimefika mapema. Nimemwomba radhi waziwazi, nikamwambia "holp" yake ina umri mkubwa kuliko "helped" yangu. Akanitazama kitambo. Sikujua kama amenielewa au amenisamehe. Nikamwomba aanze tena, theluji na yote.

"I seen him coming…"

Saa nzima! Sikugusa neno. Nilikuwa nimedhani ni makaa ya mawe. Gunia lilikuwa la viazi.