Kompaila Inayokufa Baada ya Kumaliza Kazi

Leo tuingie jikoni kidogo. Kuna kompaila ndogo niliyokabidhiwa niitunze, imeandikwa kwa C++ juu ya LLVM. Ilikuwa na tabia ya ajabu: inasoma faili, inatoa programu safi kabisa, halafu inaanguka wakati wa kufunga. Waliokuwa wakiitumia walishazoea. Si kazi imeisha? Lakini make haijui hayo. Ikiona kompaila imetoka na kosa, inasimamisha kila kitu.

Niliijenga upya kwa -fsanitize=address, yaani AddressSanitizer, iliyomo ndani ya Clang tangu 2012 na GCC tangu 2013. Hukuonyesha kumbukumbu imeguswa wapi, na ilikuwa imeachiliwa wapi kabla ya hapo. Ikanipeleka kwenye mistari miwili ya klasi moja:

std::unique_ptr<Module> moduli;
LLVMContext muktadha;

Unaona shida? C++ huunda wanachama wa klasi kwa mpangilio walivyotajwa, na huwaua kinyumenyume. Kwa hiyo muktadha ulikufa kwanza. Na LLVMContext ikifa, hufuta moduli zote zilizobaki chini yake. Kisha unique_ptr inakuja kufuta moduli ileile mara ya pili. Ni kama kubomoa nyumba mpangaji akiwa ndani, halafu kumpelekea notisi ya kuhama.

Dawa yake: muktadha juu, moduli chini. Basi.

Utaniuliza, kwa nini tusiache tu vitu bila kufutwa? Swali zuri, maana Clang yenyewe kwa kawaida hujiendesha na -disable-free, isipoteze muda kusafisha kumbukumbu ambayo mfumo utaichukua yote programu ikifungwa. Hiyo inafaa kwa programu inayofanya kazi moja na kuondoka. Lakini siku kompaila ikiwekwa ndani ya kihariri kinachoshinda wazi kutwa nzima, kila faili itaacha uchafu wake. Ukianza kuusafisha, utakutana na kosa lilelile, na safari hii litaangusha kihariri pamoja na kazi ya mtu ambayo haijahifadhiwa.

Ndiyo maana mimi husoma orodha ya wanachama wa klasi kama maelezo ya nani anamtegemea nani. Anayetegemewa aandikwe kwanza. Na weka komenti hapo juu, la sivyo kesho mtu atawapanga kwa alfabeti, na moduli itarudi kutangulia muktadha.